Tone la Kwanza

Katika mnara wa kukenekea mafuta ghafi, mgeni angedhani chuma huliwa zaidi chini, kwenye moto mkali. Kumbe huko juu, mvuke unapoanza kupoa, nako kuna hatari kubwa, na mafundi wanaoilinda sehemu hiyo nawavulia kofia.

Mafuta hutoka ardhini na maji ya chumvi. Chumvi ya mezani ni pole, hupita tanurini karibu bila kubadilika. Watundu ni kloridi za magnesi na kalisi: zikikutana na moto na mvuke, huzaa asidi hidrokloriki inayopanda hadi kileleni. Maadamu ni gesi kavu, haidhuru sana. Lakini tone la kwanza la maji likitokea, hunywa asidi iliyo karibu, likawa kali kupindukia. Matone yanayofuata huizimua. Lile la kwanza ndilo hutoboa bomba.

Kazi huanza kwa kuosha. Mafuta yenye joto la nyuzi 120 hadi 150 huchanganywa na maji safi, kisha umeme huyafanya matone ya maji ya chumvi yaungane na kuzama. Mabaki hutiwa soda kali, ili kloridi tundu zigeuke kuwa ile pole. Kidogo tu, maana ikizidi, soda hupasua chuma. Kule juu hutiwa amini ya kupoza asidi, nayo isipopimwa vizuri huganda kuwa chumvi inayokula chuma chini kwa chini. Kinachonifurahisha zaidi ni hiki: fundi hunyunyizia maji mengi makusudi. Anajua tone litazaliwa tu, basi huchagua lizaliwe wapi, tena katikati ya mafuriko.

Upande wa moto una adui mwingine, salfa. Tarehe 6 Agosti 2012, katika kiwanda cha Chevron mjini Richmond, California, bomba lililokondeshwa na salfa lilipasuka na kushika moto. Wakazi wapatao 15,000 wakatafuta matibabu. Kiwiko jirani kilikuwa kimepimwa unene, kikaonekana kizima. Kipande kilichopasuka, chenye silikoni kidogo mno ya kuizuia salfa, hakikupimwa. Na wataalamu wa Chevron yenyewe walikuwa wameshapendekeza, miaka kadhaa kabla, kila kipande kipimwe.