Utata wa Kitenzi "Funga" katika Maelezo ya Zana za Wakala wa Akili Unde
Maelezo ya zana ni matini fupi ambayo wakala wa akili unde huisoma kabla ya kutenda. Katika Model Context Protocol, itifaki iliyotangazwa mwaka 2024, zana hutambulishwa kwa jina, maelezo ya lugha ya kawaida na vigezo vyake. Tuchukue sentensi ya kubuni kuhusu usalama wa kompyuta: "Hufunga akaunti inayotiliwa shaka." Kisarufi ni sanifu, lakini ina kasoro mbili. Kwanza, "funga": tunafunga mlango ili tuufungue kesho, tunafunga biashara iliyofilisika, tunafunga kamera ukutani, yaani kuisimika. Je, akaunti itazuiwa au itafutwa? Pili, kauli ya kutendwa katika "inayotiliwa" inamficha mwenye kutia shaka. Wakala aweza kujidhania kuwa ndiye. Tunapendekeza: "Husitisha kwa muda uwezo wa mtumiaji kuingia, haifuti data, itumike tu baada ya msimamizi kuidhinisha." Urefu huo si ulegevu wa mtindo. Binadamu akitatizwa na neno huuliza. Wakala asiyeagizwa kuuliza aweza kuchagua maana moja na kutenda. Hapo utata, ambao katika ushairi ni pambo, humfungia nje mfanyakazi asiye na kosa.