Meno ya kuvua: kiegemeo kwanza, kibanio baadaye

Mama aliyeletwa kwangu maabara na daktari alikuwa na meno yake bandia ya chini ndani ya leso. Yalikuwa ya plastiki, yenye vibanio viwili vya waya, na yalikaza kwelikweli. Lakini kila alipotafuna nyama yalizama kwenye fizi upande wa nyuma, na yale magego madogo yaliyoshikwa na waya yalikuwa yameanza kulegea.

Wengi hupima meno ya kuvua kwa jinsi yanavyokaza. Mimi hutazama kwanza yanavyobebwa, na ndiyo maana katika kazi ya mama huyu kipande kilichotuchukua muda kuliko vyote kilikuwa kidogo kama punje ya mchele.

Meno kumi ya mbele ya taya la chini yalikuwepo, kuanzia gego dogo la pili upande huu hadi mwenzake upande ule. Magego makubwa yote yalishang'olewa, kulia na kushoto. Katika mpangilio wa Edward Kennedy wa mwaka 1925, unaotumika hadi leo, hilo ni kundi la kwanza: mapengo pande zote mbili, na nyuma yake hakuna jino. Pengo lenye jino mbele na nyuma ni kama ubao uliolazwa juu ya mawe mawili. Hapa jiwe ni moja tu. Upande wa pili ubao umelala juu ya godoro. Jino zima likikandamizwa hushuka kidogo mno kwenye tundu lake, ilhali fizi hudidimia mara kadhaa zaidi. Shida yote ya kundi hili imo katika tofauti hiyo.

Meno ya zamani hayakuwa na kiegemeo hata kimoja. Kiegemeo ni kipande kifupi cha chuma kinachokaa juu ya jino, ndani ya kishimo alichokichonga daktari kwenye enameli. Kishimo hicho kina umbo la kijiko na kina cha milimita 1 hadi 1.5, na sakafu yake huinamia katikati ya jino ili nguvu ishuke kuelekea mzizi. Ikiinamia nje, chuma huteleza na kulisukuma jino. Kishimo kikiwa na kina kidogo mno, chuma huwa chembamba na huvunjika palepale kinapopinda. Daktari alimng'atisha mama kipande cha nta laini, akapima unene uliobaki, akarudi kuchonga kidogo tena, akamng'atisha tena. Sijui hatua nyingine ya kazi hii inayostahili uvumilivu kama huo.

Kabla ya kuchonga tulikuwa tumejiuliza kishimo kikae wapi. Mchoro wetu wa kwanza ulikiweka nyuma ya gego dogo, jirani na pengo, na kibanio kikalizunguka jino hadi mbele, kiunoni. Nasema kiuno kwa sababu jino lina tumbo, na ncha ya kibanio hujificha chini ya tumbo hilo ili meno yasichomoke. Niliufuta mchoro ule. Plastiki ya nyuma ikizama, kiegemeo huwa mhimili, kama kwenye bembea ya ubao: nyuma kunashuka, mbele kunapanda. Ncha iliyo mbele ya mhimili hupanda huku imelikumbatia jino, na kulivuta kama nyundo ya makucha inavyong'oa msumari. Hivyo kila tonge.

Mwaka 1963 Kratochvil, mtaalamu wa Marekani, alipendekeza kiegemeo kihamie mbele ya jino, na kibanio kiwe kijiti chembamba kinachopanda kutoka upande wa fizi kama herufi I. Mtaalamu mwingine, Krol, aliurekebisha mpango huo mwaka 1973. Sasa ncha ya kibanio iko nyuma ya mhimili pamoja na plastiki. Vyote vinashuka pamoja, na ncha inaliachia jino. Mzigo ukija mshiko unalegea, mzigo ukiondoka unarudi. Ndivyo tulivyomchorea mama. Tukaongeza viegemeo viwili kwenye magego madogo ya kwanza, ili vyakula vya kunata visiinue plastiki ya nyuma.

Pande mbili ziliungwa na ufito wa chuma unaopita chini ya meno, upande wa ulimi. Daktari alipima nafasi kutoka ukingo wa fizi hadi sakafu ya kinywa, ulimi ukiwa umeinuliwa, akapata milimita 9. Zinatosha: ufito wa milimita 5, na 4 za kuiachia fizi hewa. Zingepungua 8 tungelazimika kutumia bamba.

Chuma ni aloi ya kobalti na kromi, iliyoingia kwenye maabara za meno miaka ya 1930. Kwa unene uleule ni ngumu kuipinda karibu mara mbili ya dhahabu. Ugumu huo ni neema kwa ufito, lakini kibanio kinahitaji kunyumbuka, kwa hiyo ncha yake huingia kiunoni milimita 0.25 tu, kama unene wa karatasi tatu za daftari. Ukizidisha, unaliumiza jino kila asubuhi na kila usiku.

Fremu ilipokaa vizuri mdomoni hatukukimbilia plastiki. Daktari alichukua tena vipimo vya fizi za nyuma, akiwa ameshikilia fremu kwenye viegemeo vyake, asiguse nyuma. Nilikata sehemu hiyo ya modeli ya plasta na kuimwaga upya. Hapo ndipo godoro na jiwe vilipopatanishwa. Kila upande tulirudisha magego mawili, tena membamba kuliko ya asili, kwa kuwa gego pana hudai nguvu nyingi zaidi kupasua chakula.

Mama ameambiwa ayavue usiku, ayasugue, na arudi kila mwaka. Akirudi, daktari hukandamiza plastiki ya nyuma kwa kidole huku akitazama viegemeo viwili vya mbele. Vikiinuka kutoka kwenye vishimo vyake, mfupa wa chini umepungua, na plastiki inabidi iongezwe kwa chini kabla magego madogo hayajaanza kulipa deni hilo.