Siku Moja Kabla ya Figo

Uboho unaovutwa kwa sindano nene kutoka mfupa wa nyonga hutoka mwekundu na mzito, umejaa seli za kila aina. Fundi wa maabara huuzungusha kwenye mashine ili kuuchambua, huumimina kwenye chupa bapa ya plastiki yenye maji ya lishe, huilaza chupa hiyo ndani ya kabati lenye joto la nyuzi 37, kisha huiacha. Siku mbili tatu zikipita, humwaga vinavyoelea na kusuuza taratibu. Karibu kila kitu huenda na maji yale. Vinavyobaki vimeng'ang'ania sakafu ya chupa ni vichache mno, hata kwenye hadubini huna budi kuvisaka. Na hivyo ndivyo anavyovitaka.

Njia hii ya kutupa kinachoelea na kutunza kinachoshika ilitokana na kazi ya Alexander Friedenstein, mwanasayansi wa Kisovieti wa miaka ya 1960 na 1970. Seli zenyewe huitwa seli za stroma. Ndani ya uboho hazigeuki kuwa damu. Kazi yao ni kuwategemeza wenzao wanaotengeneza damu. Kwa miaka mingi walioziangalia waliwaza mifupa na gegedu tu. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliwapandikiza nyani ngozi ya wenzao na kuwadunga seli hizi: ngozi ambayo kwa kawaida ilikataliwa baada ya siku 7 ilidumu takriban siku 11. Ni siku nne tu, lakini zilitosha kuwafanya wanaopandikiza viungo wageuze shingo.

Turudi kwenye chupa, maana huko ndiko ufundi ulipo. Seli chache zilizoshika hujigawa na kuwa visiwa, visiwa hukutana, na baada ya wiki kadhaa sakafu yote imejaa seli nyembamba zilizochongoka ncha mbili, zimelala upande mmoja kama kundi la dagaa lililogeuka kwa pamoja. Zisiachwe zikabanana. Zikifika kama asilimia 80 ya nafasi, fundi huzimwagia tripsini, kimeng'enya kinachokata vishikizo vyao. Huo ni muda wa dakika chache tu, na haondoki. Anatazama seli zikinywea na kuwa duara, anagonga ubavu wa chupa kwa kiganja, zinaachia na kuelea. Akichelewa, kimeng'enya kinaanza kuzila zenyewe. Anazima makali yake, anazigawa kwenye chupa mpya, anaanza upya. Hazigawanyiki milele pia: ukizikuza vizazi vingi zinatanuka, zinazeeka, zinakuwa goigoi. Mgonjwa mmoja huhitaji milioni moja au mbili kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtu wa kilo 60 huhitaji zisizopungua milioni 60. Hesabu hiyo huanza na zile chache ulizozisaka.

Zikiingia mwilini hufanya nini? Kinga ya mwili ikianza kuwaka, askari wake waitwao seli za T humwaga protini iitwayo interferoni gama. Seli ya stroma ikiihisi, huanza kutengeneza kimeng'enya kinachokula triptofani, lishe ambayo seli za T haziwezi kuzaliana bila hiyo. Basi ghasia hupoa, na seli za T za aina ya kutuliza wenzao hupata nafasi ya kuongezeka. Cha ajabu ni kwamba seli nyingi zinazodungwa kwenye mshipa hunasa mapafuni na kutoweka ndani ya siku chache. Inaonekana hata kufa kwao ni sehemu ya kazi: seli za usafi za mwili huzimeza, na zikishazimeza hubadilika tabia, nazo huenda kutuliza kwingine.

Hapo ndipo nafika Bergamo, kaskazini mwa Italia, kwa Giuseppe Remuzzi, Norberto Perico, Federica Casiraghi na wenzao wa taasisi ya Mario Negri, waliotaka kuutumia utulivu huo kulinda figo iliyopandikizwa. Mwaka 2011 walieleza habari za wagonjwa wawili waliopewa figo na ndugu zao walio hai, kisha siku ya saba wakadungwa seli zao wenyewe za stroma. Kwenye damu, dalili za utulivu zilionekana. Lakini wiki moja hadi mbili baada ya sindano, kreatinini, taka ya damu inayochujwa na figo, ikapanda kwa wote wawili. Figo zilikuwa zinalalamika. Kwa mmoja walichukua kipande cha figo na kukipima. Haikuwa imekataliwa. Ila seli nyeupe za uvimbe zilikuwa zimejipenyeza.

Wengi wangeongeza dawa na kusonga mbele, hasa kwa kuwa figo zote mbili zilipata nafuu. Hawa walirudi kwa panya. Kumpandikiza panya figo ni kushona mishipa isiyozidi milimita moja, kwa uzi mwembamba kuliko unywele, jicho likiwa kwenye hadubini, na mkono ukitetemeka kidogo tu figo imepotea. Walilinganisha kitu kimoja tu: wakati. Seli zikidungwa siku mbili baada ya upasuaji, zilivutwa na jeraha hadi ndani ya figo mpya, zikaandamana na uvimbe na kuiharibu. Seli zilezile zikidungwa siku moja kabla, hazikuwa na jeraha la kuzivuta; zilikwenda kwenye wengu, mahali seli za kinga zinapofundwa, na figo ikadumu.

Basi wagonjwa wawili waliofuata walidungwa siku moja kabla ya figo. Kule kupanda kwa kreatinini baada ya sindano hakukutokea. Mmoja wao alipata dalili za figo kukataliwa wiki mbili baadaye, akatibiwa, na waliandika hilo waziwazi. Napenda makala za watu hawa kwa sababu hiyo: wagonjwa ni wachache, na kila mmoja anasimuliwa hadi mwisho. Mwaka 2020 waliripoti kwamba mmoja wa wagonjwa wao, baada ya kupunguziwa dawa hatua kwa hatua kwa miaka, alikuwa amekaa miezi 18 bila dawa yoyote ya kushusha kinga, na figo ilikuwa inafanya kazi.

Anayejua maana ya kumeza vidonge hivyo kila siku maisha yote, pamoja na gharama yake na maambukizi yanayofuata kinga iliyoshushwa, haoni habari hiyo kuwa ndogo. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilipoanza kupandikiza figo, Novemba 2017, ilianza kwa ndugu kumchangia ndugu. Uchangiaji wa namna hiyo hupangiwa tarehe, kwa hiyo kuna wiki za kukuza seli na kuna hiyo siku moja kabla. Figo ya marehemu haitoi taarifa. Hapo zingefaa seli zilizo tayari, na Waholanzi wa Leiden walijaribu seli za mtu wa tatu, zilizokwishakuzwa na kugandishwa kwenye naitrojeni. Kabla ya kuziyeyusha walikagua alama zake moja moja, wasije wakampa mgonjwa seli zenye alama ngeni zilezile zilizo kwenye figo aliyopewa, mwili ukajifunzia hapo kuikataa.