Skuli na Shule: Habari za Neno Moja

Mwalimu asahihishaye madaftari hufundishwa naye. Kijana mmoja wa pwani hii alipewa sentensi ya Kiingereza yenye maneno "school of fish", akafasiri "shule ya samaki". Wenziwe wakacheka sana. Mwalimu mmoja akamtetea, akasema kwamba samaki hufuatana mmoja nyuma ya mwenziwe kama watoto wanaomfuata mwalimu, na kwa sababu hiyo Waingereza wakawaita kwa jina la shule. Maelezo haya yapendeza masikioni, walakini si kweli. Nami kwa kuwa nimeyasikia zaidi ya mara moja, tena pamoja na makosa mengine juu ya neno hili hili, naona yafaa tulipime neno lenyewe: maandiko yake, asili yake na maana yake.

Kwanza, neno la samaki ni neno jingine kabisa. Lilitoka katika Kiholanzi cha zamani, na maana yake ni kundi. Ndugu yake katika Kiingereza ni "shoal". Maneno mawili yenye asili mbalimbali yakaja kuandikwa namna moja, basi. Sisi wenyewe tunayo mambo kama hayo. Kaa wa mikokoni si kaa la moto. Mtu akituambia kwamba kaa wa pwani aliitwa hivyo kwa kuwa hugeuka mwekundu akipikwa, tutamcheka, ingawa maneno yake yana mfano wa ukweli. Kufanana kwa herufi si ushahidi wa udugu, wala hadithi tamu si ushahidi wa asili.

Pili, watoto huuliza: herufi h yafanya kazi gani katika "school", maana haisikiki? Swali hili ni jema, wala mwalimu asilijibu kwa kusema, "Ndiyo desturi ya Waingereza." Zamani Waingereza waliandika "scole", bila h. Baadaye wataalamu wao, kwa kukipenda Kilatini, walitaka neno lionyeshe wazi kwamba ni mtoto wa "schola" ya Kilatini, wakaitia h ndani yake. Basi h hiyo si sauti, ni ukumbusho. Kiswahili hakina desturi hiyo. Sisi huandika tusikiavyo, na Mzanzibari aliyesikia "school" akaandika skuli hakuiharibu tahajia ya mtu.

Tatu, yako madai kwamba shule ni "school" iliyoharibika katika vinywa vya watu wa bara. Haya nayo ni makosa. Utawala wa Wadachi, yaani Wajerumani, ulianza katika nchi yetu mwaka 1885, na mwaka 1892 serikali yao ilifungua skuli ya kwanza huko Tanga. Wao husema "Schule", nasi tukaipokea shule, karibu kama walivyoitamka. Unguja na Pemba, zilizowekwa chini ya ulinzi wa Waingereza mwaka 1890, zikapokea skuli. Yote mawili yametoka kwa "schola" ile ile: bibi mmoja, wajukuu wawili, na kila mmoja alifika kwa jahazi lake. Hata mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, shule haikuondoka bara. Na skuli ingali ndilo neno la Zanzibar hata leo. Kwa hiyo mwalimu anayemkata mtoto alama kwa kuandika skuli anamwadhibu kwa kosa lisilokuwapo. Amwambie tu achague moja, asiandike shule juu ya ukurasa na skuli chini yake.

Wala tusidhani kwamba kabla ya maneno haya kuingia hapakuwa na mahali pa kusomea. Watu wa pwani, tangu Kilwa hata Lindi, walikuwa na chuo. Neno hili lilikuwa na maana ya kitabu, tena mahali mtoto alipopelekwa kujifunza Kurani. Leo tumelipandisha cheo, likawa jina la mahali pa masomo ya juu. Kutoka Kiarabu tulipata darasa, na mwalimu mwenyewe. Elimu haikungoja jahazi la Wadachi wala la Waingereza.

Sasa nafika penye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kilatini nacho kililipata neno hili kwa Wayunani. Kwao "skhole" maana yake ya kwanza haikuwa nyumba, wala masomo, wala mwalimu. Ilikuwa ni nafasi: saa ambayo mtu amepumzika katika kazi za kumpatia chakula. Baadaye ikawa ni mazungumzo ya elimu yafanywayo katika saa hiyo, na mwisho ikawa ni mahali pa mazungumzo hayo.

Wako watakaofurahi kusikia hivi na kusema, "Tulijua! Shule ni mahali pa wavivu." Wasiharakishe. Nafasi ile ya Wayunani haikushuka kutoka mbinguni. Wengi wao walikuwa na watumwa, na bwana alipoketi kuzungumza habari za hekima, mtumwa alikuwa shambani. Sisi wa kusini hatuwezi kulipita jambo hili upesi, maana Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kuuzia watu, na Masasi watu wa misheni walianzisha kijiji mwaka 1876 pamoja na watumwa waliokwisha kupewa uhuru. Basi neno hili lina swali ndani yake: Mtoto mmoja akisoma, ni nani anayefanya kazi yake?

Jibu mojawapo nalipata katika Matendo ya Mitume, sura ya 19. Paulo alipokuwa Efeso alihojiana na watu kila siku katika mahali pa mtu aitwaye Tirano, na neno la Kiyunani lililoandikwa hapo ni "skhole". Baadhi ya nakala za kale huongeza kwamba alifundisha tangu saa ya tano hata saa ya kumi. Sisi hatuhitaji kufasiriwa saa hizo, maana watu wale walihesabu saa tangu macheo kama tuhesabuvyo sisi: saa tano mpaka saa kumi, wakati wa jua kali, watu walipoacha kazi. Na Paulo alikuwa mshona hema aliyejilisha kwa mikono yake mwenyewe. Hakuwa na mtumwa wa kumfanyia kazi. Aliitenga saa, akailinda.

Ndiyo maana nasema kwamba kuandika neno vema hakutoshi. Tangu mwaka 1978 sheria yetu yataka kila mtoto asome shule ya msingi, na tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali, kuanzia msingi hata kidato cha nne. Haya ni mema. Lakini ada ikiondolewa, nafasi haiji yenyewe. Hapa Mitwero na vijiji vya jirani, msimu wa korosho ukifika, mtoto aliyeokota korosho mpaka jua kutua, akateka maji alfajiri, huleta darasani mwili wake tu. Amefika shule, ila "skhole" hakuipata.

Wala sisi walimu tusijitoe katika lawama. Sikidharau kilimo. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka kazi ya mikono iwe sehemu ya mafunzo, na ni shauri jema. Lakini mtoto akitolewa katika hesabu ili ateke maji ya nyumbani kwa mwalimu, hiyo si kujitegemea. Ni kumtegemea mtoto.

Watu wa pwani husema, samaki mkunje angali mbichi. Hekima ya methali hii ni wakati. Basi, wenzangu, tukimsahihisha mtoto katika skuli na shule, tumweleze kwa haki. Kisha tuwaendee wazazi wake, tupatane nao juu ya saa ambazo jembe, ndoo na korosho havitazigusa, nasi tuwe wa kwanza kuzitunza.