Charles wa Orléans: Malenga Aliyefunikwa na Kifungo Chake

Aghalabu Charles, Duki wa Orléans, hutajwa kwa mambo mawili: kwamba alitekwa, na kwamba alilia. Anayemsoma kwa utuvu ataona kuwa sifa hiyo imempunja.

Alizaliwa Paris mwaka 1394, mtoto wa nduguye mfalme wa Ufaransa. Baba yake aliuawa mjini humo mwaka 1407 kwa amri ya Duki wa Burgundy. Mama akamfuata mwaka wa pili. Tarehe 25 Oktoba 1415, vitani Agincourt, Waingereza wakamkamata, na hakurudi kwao ila mwaka 1440. Miaka 25!

Kifungoni alitunga mashairi ya aina iitwayo ballade. Msomaji wa pwani hatalishangaa umbo lake: beti tatu zenye vina vilevile tangu mwanzo hadi mwisho, kila ubeti ukifungwa kwa kibwagizo, kisha ubeti mfupi wa kuagia. Alitunga pia kwa Kiingereza, lugha ya waliomfunga. Wako waliotilia shaka kuwa tungo hizo ni zake, ingawa wataalamu wengi leo wanazikubali. Waama, mtu aliyejifunza lugha ya adui hadi akaimbia mapenzi si mliaji tu.

Mwenye *Sauti ya Dhiki* mkononi atauliza kama malenga hawa wawili ni ndugu. Sidhani. Abdilatif Abdalla alitiwa jela mwaka 1969 kwa alichokiandika, na humo ndani akaendelea kuikabili dola kwa beti. Charles alikuwa rehani ya fidia, akihamishwa ngome hadi ngome. Beti zake hazimshitaki mtu. Zinausemesha Moyo, Huzuni na Matumaini kama wageni waliokaribishwa sebuleni.

Umaarufu nao una vituko. Shakespeare alimtia katika *Henry V* miongoni mwa mabwana wanaojigamba usiku wa kuamkia vita, lakini anayetamba kuwa amemtungia farasi wake shairi ni mrithi wa kiti cha Ufaransa, si yeye! Mwanawe, aliyezaliwa mwaka 1462, akawa Mfalme Louis XII. Baadaye Debussy alizitia muziki tungo zake tatu. Hata hivyo picha inayosambaa ni ile ya mfungwa katika Mnara wa London.

Mimi namtafuta Blois, alikorejea na kuishi hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1465. Huko alikaribisha washairi, Villon akiwamo, na tungo za wageni zikaandikwa pamoja na zake katika kitabu ambacho leo kimehifadhiwa Maktaba ya Taifa, Paris. Huko ndiko rondeau zake, tungo fupi ambazo maneno ya mwanzo hurudi katikati na mwishoni, zilipopata wepesi wa mtu aliyezoeana na uzee, uvivu na kukata tamaa hata akavifanyia mzaha. Ni bora, kwangu, kuliko vilio vyote vya Uingereza.

Lakini hapo ndipo mwenye kufasiri anapokwama. Kwa Kifaransa, maneno yaleyale yanaporudi huweza kushika jina jipya bila kuguswa. Kiswahili kina ngeli: moyo *umeondoka*, huzuni *imeondoka*. Ukibadili kiambishi, umevunja marejeo. Usipokibadili, umevunja lugha. Kwa sasa nimezifasiri nne tu, zote zikihusu moyo.