Kioo Chenye Kivuli Tumboni

Jamani, nimekiona! Kipande cha mfano tu, lakini nilikielekeza kwenye jua la alasiri hapa Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na tangu saa ile sina mazungumzo mengine. Vioo viwili vimegandishwa kingo zote, katikati yake kuna nafasi ya milimita 27 hivi, na ndani ya nafasi hiyo vimejipanga vibao vyembamba vya alumini. Vibao hivyo vinageuka! Hakuna tundu wala kamba inayopenya: sumaku iliyo upande wa chumba inaizungusha sumaku mwenzake iliyofungiwa ndani, kioo kikiwa kati yao. Kampuni ya Pellini ya Italia inauza mfumo wa aina hii kwa jina la ScreenLine. Nilivigeuza, nikavifunga, nikavifungua tena kama mtoto aliyepewa redio.

Pazia la kitambaa tunalolitegemea sote linachelewa. Jua linapolifikia limeshavuka kioo, limeshaingia chumbani, na joto lake halitoki tena kirahisi. Vibao hivi vinalikamata njiani, na sehemu kubwa ya joto inarudi nje kupitia kioo cha mbele. Kivuli kilichotundikwa nje kabisa bado kinashinda, hilo sibishani nalo. Ila nani atakubali kutundika turubai kwenye uso wa jengo la mwaka 1956?

Maana hayo ndiyo majengo ninayoyafikiria. Chuo chetu kilianzishwa 1955, enzi za Wabelgiji, na mjini lipo Jengo la 30 Juni, lile lililokuwa ukumbi wa tamthilia, kazi ya msanifu Claude Strebelle na wenzake. Kizazi chao kilijua kupambana na jua: barza pana, paa lililojitokeza, vivunja jua vya zege. Somo hilo lilikuwa limeumiza watu kwingine. Mwaka 1933 Le Corbusier alilifungulia Jeshi la Wokovu nyumba yake ya Paris yenye ukuta mzima wa vioo visivyofunguka. Kiangazi kilipofika wakaaji wakaiva humo ndani, na baada ya vita ikabidi vivunja jua viongezwe. Jengo lenye vivunja jua vya asili liachwe na vyake. Lile lililojengwa bila hivyo ndilo linalokililia kioo hiki, kwa sababu ukiwa barabarani huoni kilichobadilika!

Na Lubumbashi ina jua lake. Mwishoni mwa Oktoba, joto likiwa kileleni na mvua bado zinasuasua, jua la adhuhuri linapita utosini kabisa. Saa hizo anayeteseka ni paa, dirisha linapumzika. Kuanzia saa tisa jua linashuka, linapita chini ya kila barza na kupiga ukuta wa magharibi moja kwa moja. Hapo unavifunga vibao. Juni ikifika na ile baridi ya asubuhi inayotufanya tuvae makoti, unavipandisha juu na kuliacha jua liingie bure. Kioo cha rangi kingekunyima jua hilo mwaka mzima!

Sasa vumbi. Anayeishi hapa anajua vumbi jekundu la kiangazi linavyokalia kila kibao cha dirisha. Hivi vimefungiwa, havitafutwa vumbi hata siku moja. Umeme ukikatika, kiyoyozi kinanyamaza, lakini sumaku inaendelea na kazi. Kwangu mimi hayo mawili yanatosha kukifanya kioo hiki kiwe cha kwetu zaidi kuliko cha huko kilikobuniwa.

Masharti yapo, na ni mazito. Vioo viwili vya milimita 4 vina uzito wa kilo 20 kwa kila mita ya mraba, mara mbili ya kioo kimoja cha unene huo, na fremu nyembamba za chuma za zamani hazitaupokea uzito huo wala unene wake. Ningeiacha fremu ya zamani mahali pake na kuweka kioo kipya nyuma yake, kwenye fremu yake inayofunguka ili upepo wa usiku upite. Na tuko takriban mita 1,200 juu ya bahari! Kioo kilichozibwa kiwandani bondeni kitafika mpakani Kasumbalesa kimevimba, kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10. Mtengenezaji aambiwe mwinuko wetu kabla ya kuziba, la sivyo kingo zitachoka, unyevu utaingia, na kioo kizima kitatupwa.

Kwa hiyo msinunulie jengo zima. Chagueni chumba kimoja cha ghorofa ya juu kinachotazama magharibi, kile ambacho wanafunzi hukihama alasiri, mkifunge kioo hiki kabla ya Oktoba, na chumba cha jirani kibaki na pazia lake. Kisha wekeni kipimajoto katika kila kimoja. Nitakuja kuvisoma mwenyewe!