Filimbi Kabla ya Karatasi Kuinuliwa

Mliokuwa kundi la kwanza kwenye ziara ya studio Jumamosi iliyopita mnaujua mlango ninaousema: studio ya tatu, Mikocheni, Dar es Salaam, ile yenye kamba za kuanikia chapa. Msanii alikuwa ameshalaza karatasi juu ya kibao chenye wino, anaisugua kwa mgongo wa mwiko, amebakiza kama robo ya picha. Kiongozi wa kundi akatazama saa yake, akapuliza filimbi. Tukatolewa nje, tukapandishwa Kosta. Karatasi iliinuliwa hakuna mtu ndani isipokuwa yeye mwenyewe. Ule uamuzi ulikuwa kosa, na nimezisikia hoja zote za kuutetea.

Tuupitie hatua kwa hatua, maana wengi wanauzungumzia kama jambo dogo la ratiba.

Kila studio ilipewa dakika 20. Zile za mwanzo msanii alizitumia kueleza kibao chake na patasi zake: yenye mdomo wa V kwa mistari myembamba, yenye mdomo wa mviringo kwa kufukua sehemu pana zitakazobaki nyeupe. Akatuonyesha alichokuwa amechonga, pantoni ya Kigamboni imejaa abiria, baiskeli na matenga, inaelekea kushoto. Kisha akaweka wino juu ya kioo, akaanza kuuviringisha kwa rola. Hapo nikasikia watu nyuma yangu wakinong'ona kwamba anachelewesha. Hakuwa anachelewesha. Wino wa chapa husikilizwa. Ukiwa mwingi, rola hutoa mlio mzito wa kunata, na ukiupeleka kwenye kibao hivyo hivyo utaziba kila mstari mwembamba uliochongwa kwa wiki nzima. Ukishatandazika sawasawa, mlio hupungua ukawa mchakacho mdogo, laini, usiobadilika. Alirudia mpaka akausikia mchakacho huo. Akakipaka kibao, kwa kwenda na kurudi, kisha kwa kukatisha. Akalaza karatasi kwa mkono mmoja usiotetemeka, mara moja tu, kwa sababu karatasi ikishagusa wino haisogezwi tena. Ukiisogeza hata kidogo, kila abiria wa pantoni anapata kivuli cha pili.

Akaanza kusugua, kutoka katikati kwenda pembeni. Akashika pembe moja, akaifunua kidogo, akachungulia, akairudisha na kurudi kusugua mahali ambapo wino haukuwa umeshika vizuri. Huo ni ufundi wa hali ya juu: pembe inafunuliwa huku karatasi nyingine yote imebanwa kwa kiganja ili irudi pale pale ilipotoka. Filimbi ililia hapo. Ni kama mwamuzi kumaliza mpira wakati shuti limeshapigwa na liko hewani kuelekea golini.

Kitu gani tulikikosa? Si picha. Picha tungeweza kuiona baadaye ikining'inia kwenye kamba, na wengine waliiona. Tulichokosa ni ile kugeuka. Kwenye kibao pantoni ilielekea kushoto, kwenye karatasi inaelekea kulia. Kilichofukuliwa kwenye kibao ndio mwanga wa jua juu ya maji, na kilichoachwa ndio watu. Msanii wa chapa huchonga kinyume cha anachokitaka, kwa siku nyingi, bila kukiona, na mara ya kwanza kukiona ni karatasi inapoinuliwa. Yeye mwenyewe alikuwa bado hajaiona picha ile. Hiyo ilikuwa chapa ya majaribio, ya kwanza kutoka kwenye kibao kile. Tulikuwa tumesimama hatua mbili kutoka mahali ambapo msanii angekutana na kazi yake kwa mara ya kwanza, tukaondolewa kwa sababu ya dakika tatu. Kwa mwendo aliokuwa nao, hakuhitaji zaidi ya hizo.

Waandaaji wanasema ziara kama hii huishia kwenye meza ya mauzo, na kwamba kuchelewa kungeua mauzo. Basi tuzungumzie meza ya mauzo. Chapa tatu za msanii huyo zilikuwa pale, zimeandikwa kwa penseli pembeni chini, mojawapo 3/15. Mama mmoja aliyekuwa kundi letu aliishika, akamwuliza kijana wa mezani, “Mwanangu, hii si fotokopi?” Kijana akajibu, “Hapana mama, ni chapa.” Mama akauliza tena, “Na hii 3/15 ni tarehe?” Kijana hakuwa na jibu. Mama akairudisha mezani kwa upole, akaenda kununua batiki. Simlaumu mama hata kidogo. Angeona karatasi moja ikipata wino wake, msuguo wake na mwiko wake, asingehitaji mtu wa kumweleza kwamba karatasi ya tatu kati ya kumi na tano nayo imepitia mikono ile ile kwa muda ule ule, na kwamba ya kumi na tano ikishatoka hakuna nyingine. Bei ya chapa inaelezwa na tendo la kuinua karatasi. Ukilificha tendo hilo, umemwachia msanii kazi ya kubishana na mashine ya fotokopi.

Sasa chanzo. Ziara ilitangazwa kuanza saa 3:00 asubuhi. Basi la kwanza liliondoka saa 4 imepita. Mliokuwepo mnajua ni kwa nini: mgeni rasmi. Nimeandika juu ya jambo hili kila ziara, na nitaendelea kuandika. Tulisimama kwenye jua tukisikiliza risala, kisha majibu ya risala, kisha shukrani kwa wadhamini mmoja baada ya mwingine, kisha utepe, kisha picha ya pamoja, kisha picha ya pamoja ya pili kwa sababu mmoja wa wakubwa alikuwa kwenye simu. Zaidi ya saa nzima. Na muda huo ulipopotea, ulilipwa na nani? Haukukatwa kwenye chakula cha mchana wala kwenye hotuba ya kufunga. Ulikatwa kwenye studio. Ratiba ya awali, ile iliyobandikwa getini, ilikuwa na dakika 30 kwa kila msanii. Kwa dakika 30 karatasi ingeinuliwa, maswali yangeulizwa, na watu wangetoka kwa utulivu.

Hata hivyo, hata dakika 30 kwa kila mtu si mpangilio ninaoutetea. Kugawa muda sawa ni haki ya juujuu. Kila kazi ina muda wake, na anayepanga ziara bila kuujua muda huo hajafanya kazi yake.

Chukua mchongaji wa Mwenge. Alikuwa mzuri, tezo yake ilikuwa kali, na alieleza vyema kwa nini anaacha ukanda wa nje wa mpingo, ule wa manjano, ubaki kando ya moyo mweusi. Kwake unaweza kuingia dakika yoyote na kutoka dakika yoyote. Gogo halimalizwi mbele yako, na kila pigo linafanana kwa uzito na lililotangulia. Dakika 12 zingetosha kabisa bila kumvunjia heshima. Mchoraji wa Msasani naye, wa mtindo wa Tingatinga, alikuwa na rangi ya chini ambayo bado inakauka. Rangi ya mafuta haina haraka. Alitulia, akatuonyesha vibao vitatu vilivyo katika hatua tofauti, kimoja kikiwa na usuli mtupu, cha pili wanyama wameshaingia, cha tatu yuko kwenye nukta na mistari ya mwisho. Hivyo ndivyo fundi anavyoshinda saa: hakutegemea kukauka kwa rangi, aliandaa hatua zote mapema. Naye angeweza kuachia dakika tano.

Kati ya watu wanne tuliowatembelea, wawili walikuwa na kazi yenye sekunde moja isiyorudiwa: msanii wa chapa, na mfinyanzi, ambaye nitamfikia. Hao ndio waliopaswa kupewa muda kwanza, na wengine kupangwa kuwazunguka.

Mimi sijifunzi haya kwenye vitabu vya usimamizi wa matukio. Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii cha Dar es Salaam kilichoanzishwa 1972 na Sista Jean Pruitt wa Maryknoll, haikuwa na filimbi. Watu walichonga, wakachapa, wakapaka batiki nta, na mgeni aliyeingia alisimama pale kazi ilipomkamata mpaka alipotosheka. George Lilanga aliingia pale kama mlinzi, mchongaji wa Kimakonde anayelinda geti, na kutoka hapo akawa yule Lilanga ambaye dunia inamjua, wa vinyago, michoro na chapa, mpaka alipofariki 2005. Mtu wa namna hiyo hutengenezwa na mahali ambapo kazi inaonekana kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na kabla ya hapo, Edward Saidi Tingatinga, mwenye jina la mtindo ule, alianza kuchora 1968, akauawa kwa risasi ya polisi 1972, miaka minne tu. Katika miaka hiyo minne aliwaachia ufundi January Linda, Adeusi Mandu, Casper Tedo, Simon Mpata na wenzao, na aliuacha kwa njia moja: walikaa kando yake wakitazama kibao kikianza na kibao kikiisha. Hakuna aliyewanyanyua katikati. Leo tuna mabasi, tuna vitambulisho vya shingoni, tuna vipaza sauti, na tunashindwa kufanya kilichofanyika kando ya barabara Oysterbay kwa kopo la rangi na hadibodi ya mraba.

Tena vipaza sauti. Kiongozi wetu alizungumza Kiingereza muda wote kwa kundi ambalo wageni wake hawakufika robo. Msanii wa chapa alianza kwa Kiswahili, akaombwa abadilishe, na pale ambapo angeeleza mlio wa wino kwa ufasaha wake akabaki kuonyesha kwa mikono. Hilo lilimla dakika pia. Ukijumlisha mgeni rasmi na tafsiri isiyohitajika, unapata dakika tatu zilizokosekana, tena mara nyingi.

Sasa nimpe sifa anayestahili. Nilirudi Mikocheni mchana kumwona msanii wa chapa akiwa na kundi la tatu, na alikuwa ameupangua mchezo wote upya. Kibao kilikuwa kimeshapakwa wino kabla watu hawajaingia. Walipokaa tu, akalaza karatasi, akasugua, akainua. Chumba kizima kilishusha pumzi kwa pamoja. Kisha ndipo akarudi nyuma kueleza patasi, na filimbi ilipolia ilimkuta kwenye maelezo, si kwenye tendo. Ni akili ya kifundi ya kiwango cha juu: alijua kipi kinaweza kukatwa na kipi hakiwezi. Lakini alilipa gharama. Kundi lile liliona karatasi ikiinuka bila kuwa limeona kibao kikavu, pantoni ikielekea kushoto, wala kusikia rola ikibadilisha sauti. Lilipata jibu kabla ya swali. Na ukweli kwamba msanii alilazimika kuokoa ziara kwa kupindua kazi yake unamhukumu mpangaji, aliyekuwa na simu mkononi tangu asubuhi na hakupiga hata moja kuuliza mambo yanakwendaje studio ya tatu.

Mfinyanzi ndiye aliyeumia kimya kimya, na wachache wamemtaja. Tanuri lake la kuni lilichomwa Alhamisi, likaachwa lipoe Ijumaa yote, kwa sababu ukilifungua bado lina moto hewa baridi inapasua vyombo. Aliwaeleza waandaaji mapema kwamba litakuwa tayari saa 9:00 alasiri. Vyombo vilivyopakwa unga wa kijivu usio na sura vilikuwa vitoke vikiwa vya kijani na vya kahawia, na hata yeye hakujua kipi kimetoka vipi. Kundi la mwisho lilipelekwa kwake saa 8:20. Likatazama ukuta wa matofali uliofungwa kwa dakika 20, likaondoka. Saa 9:00 alilifungua akiwa na msaidizi wake, na watu wote walikuwa kwenye hotuba ya kufunga.

Mpangilio wa ziara ijayo hauhitaji bajeti mpya. Mtu mmoja apite kwa kila msanii wiki mbili kabla na amwulize kama kuna jambo katika kazi yake linalotokea mara moja tu, na linatokea saa ngapi. Tanuri liwekwe kwenye ratiba kwa saa yake, na basi zima lifike dakika kumi kabla. Studio ya chapa iwe na dakika 35, Mwenge 15, Msasani 15. Viongozi wa makundi wapewe ruhusa ya kuongeza dakika tano bila kumpigia mtu, na filimbi zikusanywe getini. Kijana wa mezani akae studio nzima ya chapa asubuhi kabla ya kugusa meza ya mauzo. Na mgeni rasmi aalikwe saa 11 jioni, wakati rola zimeshaoshwa, aseme anachotaka kwa muda anaotaka.